Gunia la Ndengu kwenye Kiti cha Mbele

Baba alipouza lori lake, sisi watoto wake tulidhani atanunua ng'ombe. Wanaume wengi wa upande wetu wa Makueni wakiacha kazi hununua ng'ombe, kisha huanza kulalamika juu ya nyasi, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuyasikiliza malalamiko hayo kwa uvumilivu. Badala yake alikuja ofisini kwangu, mjini Wote, asubuhi moja, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha wageni na kuniambia anataka gari la spoti. La milango miwili. Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayotumia kuomba chai.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwuliza kama mama anazo habari hizo.

"Mama yenu ndiye sababu," akasema.

Niliinuka nikafunga mlango, maana ofisini kwetu habari haihitaji gari la spoti ili ifike mbali.

Kwa miaka mingi baba alibeba ndengu na mbuzi kutoka Kyuso, kaskazini kabisa mwa Kitui, akishuka nao hadi masoko ya huku kwetu na mbele zaidi. Katika kazi hiyo kiti cha mbele kina mwenyewe. Anayekikalia ni mwenye mzigo, yule mfanyabiashara aliyekodi lori, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeyaacha magunia yake yasafiri na dereva peke yake. Tanboi, msaidizi wa dereva, hubanana mlangoni, mkono nje ya dirisha, akiyaashiria magari ya nyuma yapite lori linapozidiwa na mlima. Mke wa dereva hana mahali. Haikuwa sheria ya mtu yeyote, ilikuwa desturi ya kazi tu, na mama aliiheshimu kiasi kwamba akiwa na msiba kwao Kitui, siku ambayo baba naye anaelekea Kitui, yeye alipanda basi. Walikuwa wakikutana kwenye steji, mmoja kwenye dirisha la basi na mwingine kwenye dirisha la lori, wakasalimiana kama majirani.

Tena dereva haondoi lori kabla hajamwuliza aliyeketi kando yake: "Mwenye mzigo, twende?" Swali hilo nimekua nalo. Lori likipitia nyumbani, baba alikunywa uji wake akiwa amesimama, akapanda, na kutoka jikoni nikamsikia akiuliza, kisha sauti ya mtu nisiyemjua ikajibu, "Twende." Ndipo gari likanguruma. Mama alibaki nje na kikombe kitupu mkononi, akiangalia vumbi.

Kwa hiyo mpaka siku hiyo mama hakuwa amewahi kuketi kando ya baba huku baba akiendesha. Hata mara moja. Walikuwa wameoana, wamezaa, wamesomesha, wamezika wazazi wa pande zote mbili, na hilo lilikuwa halijatokea.

"Daktari wa macho alisema nini?" nikamwuliza. Nilijua ana presha ya macho na kwamba anatia matone asubuhi na jioni, lakini baba ni mtu wa kukupa habari za hospitali kwa vipande.

"Amesema usiku niache. Mchana niko sawa, lakini si miaka mingi." Akaigeuza kofia juu ya magoti. "Nataka mama yenu akae mbele kabla hii macho haijafunga. Ni hiyo tu."

Mtu akikwambia hivyo unamjibu nini? Mimi nilijibu kama karani. "Basi nunua gari ya kawaida, Baba. Ya juu kidogo. Mama ako na nyonga mbaya."

"Gari ya kawaida nimeendesha."

"Umeendesha lori."

"Si lori ni gari ya kawaida?"

Kisha akaanza ile hadithi yake ya mlima, ambayo nyumbani kwetu kila mtu anaweza kuisimulia akiwa amelala. Alikuwa kijana, lori lilikuwa limechemka katikati ya mlima, na yeye alikuwa akimwagia rejeta maji kwa mkebe wakati magari ya mashindano yalipotokea chini, moja baada ya jingine, yakaupanda mlima ule ule na kupotelea juu huku yeye ameshika mkebe. Sisi tulidhani siku zote kwamba hadithi hiyo inahusu mbio. Siku hiyo aliongeza kipande ambacho sikuwa nimewahi kukisikia.

"Mbio sitaki," alisema. "Mimi maisha yangu yote nimepanda mlima nikiwa nimekanyaga mafuta mpaka chini, na huko chini hakuna kitu ingine. Nataka siku moja nipande na nguvu ingine imebaki."

Nikamwitishia chai.

Jioni nilipita nyumbani, ng'ambo ya Wote, nikamkuta mama uani akipepeta ndengu. Nilianza kwa kuzungukazunguka, lakini mama hazungukiki.

"Mimi sipandi," alisema kabla sijafika kwenye neno spoti. "Nimezoea basi. Basi iko na ngazi."

Akapepeta kidogo, akapuliza makapi, akachagua kijiwe na kukitupa.

"Ni ya rangi gani?" akauliza.

Magari yenyewe yalikuwa Kwa Vonza, mji mdogo kwenye barabara ya Kitui. Zamani baba alimbebea mbuzi mfanyabiashara mmoja wa Kyuso, mtu wa familia ya Kiislamu iliyotoka kaskazini mashariki, na safari zote hizo za kuketi bega kwa bega ziliwafanya wawe ndugu, ijapokuwa mmoja anaswali na mwingine anaimba kwaya. Sasa mwanawe huleta magari yaliyotumika kutoka bandarini Mombasa na kuyapanga kando ya barabara Kwa Vonza. Kijana mpole, msafi, anayemwita baba yangu "baba" bila kujikaza. Alikuwa na magari mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja, moja jeupe na moja la buluu, na ukiyaangalia kwa mbali tofauti ilikuwa rangi tu.

Tofauti ilikuwa chini ya boneti, na nilikuwa nimejitayarisha kuihusu. Wiki nzima nilitazama video za vijana wa nchi za mbali wakibishana kuhusu magari hayo mawili, wakihesabu sekunde kama watu wanaokimbizwa. Jeupe halikuwa na turbo. Gia zake zilijibadilisha zenyewe, springi zake zilikuwa laini, na viti vyake vilikuwa vipana, karibu sawa na vya sebuleni. La buluu lilikuwa na turbo, gia sita za kubadilisha kwa mkono, springi ngumu, bampa iliyokaribia kulamba lami, na viti vilivyochimbika, vyenye mbavu pembeni za kumbana mtu asiyumbe. Bei zilikaribiana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya bei. Katika video zote hizo hakuna kijana aliyesema lipi linamfaa mama mwenye nyonga mbaya, lakini jibu lilikuwa wazi kwangu. Jeupe. Nilimfikisha baba Kwa Vonza nikiwa nimeshaamua, jambo ambalo ni kawaida yangu.

"Sasa tuone," akasema baba, akafungua buti la gari langu dogo. Ndani mlikuwa na gunia la ndengu.

Sikuwa nimemwona akilipakia. Yule kijana alilitazama gunia, akanitazama mimi.

"Gari haijaribiwi tupu," baba akamweleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kiliko. "Gari tupu inakudanganya."

"Lakini baba, hii ni ya spoti. Haibebi mzigo."

"Itabeba."

Nilidhani gunia litawekwa kwenye buti. Baba na kijana walilibeba mpaka mlango wa kushoto wa gari jeupe, wakaliinamisha, wakaliketisha kwenye kiti cha mbele, na baba akalifunga mshipi. Akauvuta mshipi kuhakikisha umeshika. Gunia halikuwa limejaa, nikamwuliza mbona amelipunguza.

"Nimelifanya kiasi ya mama yenu."

"Umempima mama?"

"Wewe usiulize maswali," akasema, na nikaona masikio yake yakibadilika rangi. Mtu aliyepakia magunia tangu ujana wake anajua uzito kwa mikono, na mambo mengine yalikuwa ya nyumba yao.

Kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa na abiria, mimi na kijana tuliingia nyuma, pale ambapo watengenezaji walikusudia kuweka mkoba. Magoti yangu yalifika kidevuni. Baba akakaa, akarekebisha vioo vyote vitatu, akakohoa, akaligeukia gunia.

"Mwenye mzigo, twende?" akaliuliza.

Nilicheka, na kijana akacheka, na baba pia akatabasamu kidogo. Lakini hakuondoka mara moja. Alingoja kama ilivyo desturi.

Tulishika barabara ya Kitui. Naomba ieleweke kwamba baba aliendesha gari la spoti kwa mwendo wa lori lililojaa. Alishika upande wake, mikono miwili kwenye usukani, akapiga honi kwenye kila kona. Tulipitwa na matatu iliyojaa abiria, tukapitwa na pikipiki iliyobeba godoro. Kijana, ambaye bila shaka alikuwa amezoea wateja wa aina nyingine, alivumilia kwa muda.

"Baba, kanyaga kidogo."

"Nimekanyaga."

Baba hakuwa akisikiliza injini. Alikuwa akiliangalia gunia. Kila kona alilitupia jicho, kila bampu alipunguza mwendo na kulitupia jicho tena. Lile jeupe lilikuwa laini kweli, nami nilikuwa karibu kusema hivyo, lakini kiti chake kipana hakikushika kitu. Kwenye kona ya kwanza gunia liliegemea mlango. Kwenye ya pili likarudi na kumlalia baba begani. Alilisukuma taratibu kwa kiwiko, na njia nzima ya kurudi liliendelea kuyumba hivyo, mara huku mara kule.

Tukalihamishia kwenye la buluu. Mbavu za kiti zikalipokea na kulibana. Barabara ile ile, kona zile zile, na gunia likakaa wima kama mwenyekiti wa akina mama kanisani. Springi zilikuwa ngumu, kila kokoto lilifika uti wa mgongo wangu huko nyuma, lakini gunia halikusogea hata kidogo. Baba akaacha kulitazama.

Kisha tukafika kwenye mlima. Sio mlima mkubwa, ni ule wa kumfanya dereva wa lori aanze kutafuta gia mapema. Mkono wa baba ulikwenda kwenye gia kwa mazoea, ukasita, ukarudi kwenye usukani. Alikanyaga mafuta, si sana, kiasi tu. Chini ya boneti kitu kilivuta pumzi, na gari likatusukuma sote mgongoni na kuupanda mlima kana kwamba hakuna mlima. Baba aliondoa mguu papo hapo. Tukamalizia juu kwa mwendo wetu wa lori.

Tulipofika kileleni alipangusa usukani kwa kiganja.

"Iko ingine imebaki," alisema.

Alisema polepole, kwa kushangaa, kama mtu aliyefungua ghala mwezi wa njaa akakuta gunia ambalo hakulijua. Nilimpenda sana baba yangu wakati huo, na sikutaka kumpenda, kwa sababu nilikuwa na hoja za kumpa.

Nilizitoa uwanjani kwa kijana, zote. Nilisema gari lile ni la chini mno, ni gumu mno, ni la vijana wasio na mgongo wa kuuma. Nilisema nyonga, nikasema tena nyonga. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mhubiri.

"Hii nyeupe itamwangusha kila kona," alisema. "Hii ingine itamshika."

"Baba, mama si ndengu."

"Najua. Ndengu haiogopi."

Akachukua la buluu. Nilimfuata nyuma mpaka nyumbani nikiwa nimenuna, gunia lake likiwa limerudi kwenye buti langu, yeye mbele akipiga honi kwenye kila kona.

Jumapili, baada ya ibada, akina mama wa kanisa walikuja kuliombea gari. Waliimba, wakalizunguka, mmoja akaweka mkono juu ya boneti na kuomba lisiguswe na ajali wala polisi. Mama alisimama kati yao katika rinda lake la kanisani na kusema amina pale panapostahili. Wageni walipomaliza chai na kuondoka, baba alifungua mlango wa kushoto na kusimama akiushikilia. Alikuwa amevaa koti.

Mama aliutazama mlango. Aliingiza mguu mmoja, akashika paa, akajishusha, na pale katikati nyonga ilikataa, akadondoka kitini kwa sehemu iliyobaki. Alikaa humo akihema. Nilitumaini kwamba mabaya yameisha. Lakini aliposema anataka kutoka tulijua kwamba kuingia ndiko kulikokuwa rahisi. Mbavu za kiti, zile zile zilizolishika gunia vizuri, zilimshika naye. Mimi nilivuta mkono mmoja, baba akavuta mwingine, na mama, mwanamke asiyelia, alitoa machozi ya maumivu mbele yetu.

"Mzee," alisema aliposimama, akijipangusa, "hii si gari, ni shimo."

Aliingia ndani kubadilisha rinda. Baba alibaki akiutazama ule mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amefikiria kila kitu, kona, bampu, mlima, uzito. Lakini maisha yake yote mzigo umepakiwa na watu na kupakuliwa na watu. Gunia halijawahi kuteremka lenyewe, kwa hiyo katika majaribio yake yote ya Kwa Vonza hakukuwa na jaribio la kushuka.

Ningeweza kumwambia kwamba nilisema. Nilikuwa na maneno hayo tayari mdomoni, yamepangwa vizuri. Lakini aliufunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, usije ukapiga kelele mama akasikia, nikashindwa.

Jumatatu alimpigia simu kijana wa Kwa Vonza. Jeupe lilikuwa bado lipo, na kiti chake kilikuwa juu kidogo. Kijana alikubali kubadilishana bila ubishi, akasema Jumamosi baba alete tu la buluu. Baba akashukuru. Siku zilizobaki aliliosha. Aliliosha asubuhi kwa maji ambayo kwetu hayapotezwi hivyo, na mama hakusema kitu kuhusu maji, jambo lililonipa wasiwasi kuliko ugomvi. Nikipiga simu namwuliza mzee yuko wapi, mama ananiambia, "Ako huko, na gari yake." Siku moja akaongeza, "Anaipangusa kama mtu anaaga." Kisha akaniuliza kama jeupe nalo linapanda mlima vizuri. Nilimwambia linapanda. "Lakini?" akauliza. Nikamweleza habari ya nguvu inayobaki, kama baba alivyonieleza. Mama alisikiliza, akaniambia chungu kinafurika, akakata simu.

Jumamosi nilifika mapema ili nimfuate baba Kwa Vonza, kama nilivyomfuata siku ile tukirudi. Mama alikuwa tayari shambani. Baba alikuwa ametoa gari uani na kulisimamisha pembeni, kwenye ukingo wa shamba, apate nafasi ya kufungua boneti na kuangalia maji, ingawa maji hayo alikuwa ameyaangalia kila siku.

Shamba letu ni la mteremko, kama mashamba mengi ya kwetu, na lote limekatwa benchi, moja chini ya nyingine, ili mvua isichukue udongo. Benchi ya juu kabisa, iliyo karibu na nyumba, imeliwa na miguu na mvua mpaka ukingo wake umebaki na kimo cha shibiri moja hivi. Gari lilikuwa limesimama juu ya ukingo huo, ubavu wake wa kushoto ukitazama shamba.

Mama alikuja kutoka chini, jembe begani, akipanda benchi baada ya benchi kwa ule mwendo wake wa kutupa mguu. Alipofika ya mwisho, akiwa bado upande wa chini, alisimama. Akauangalia mlango wa gari. Akaangalia miguu yake, akaangalia mlango tena. Aliweka jembe chini.

"Fungua hapa," akamwambia baba.

"Mama, wacha. Utaumia."

"Nimesema fungua."

Baba alizunguka, akafungua. Mama aligeuka, akaupa mlango mgongo, akapiga hatua moja nyuma, akaketi. Hakujishusha, hakudondoka. Kwa kuwa yeye alikuwa amesimama chini na gari liko juu, kiti kilimfikia penye kukalia, sawa na kitanda chake. Akainua mguu mmoja kwa mkono, akauingiza, akauingiza wa pili. Kisha akafanya yale yale kwa kurudi nyuma, miguu nje, akasimama wima kwenye udongo bila kushikwa na mtu. Akaketi tena. Akasimama tena.

"Hii benchi tulichimba na mwethya," alisema, akipapasa ukingo kwa unyayo. Mwethya ni kundi la akina mama, leo wanachimba kwako, kesho kwa mwingine. "Nilikuwa na mimba ya huyu." Alinielekezea kidevu. "Wewe ulikuwa Kyuso."

"Nilikuwa Kyuso," baba akakubali.

"Kila kitu hapa kilichimbwa ukiwa Kyuso."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba. Baba aliinama akautazama ule ukingo, shibiri ile moja ya udongo, na nikaona kichwa chake cha udereva kikianza kazi. Lori nalo hupakiwa hivyo. Unatafuta mahali penye ukingo, unalisogeza ubavuni, wapakiaji wasihangaike kuinua. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote kwa ajili ya ndengu.

"Kwa Vonza kuna ukingo nyuma ya maduka," alisema. "Pale Wote uko mmoja karibu na soko. Pale mjini Mwingi iko miwili. Mimi najua kila mahali pa kupakia kutoka hapa mpaka Kyuso."

"Basi hiyo nyeupe ni ya nini?" mama akauliza.

Alikuwa tayari ameketi mara ya tatu, na safari hii aliingiza miguu yote na kuvuta mlango. Hakubadilisha nguo. Alikuwa na leso ya shambani na udongo kwenye vidole vya miguu, ndani ya gari ambalo baba alikuwa amelipangusa wiki nzima. Nilimkumbusha baba kwamba kijana anatungoja na kwamba simu moja ya kumwambia hatubadilishi tena ingetosha. Baba alifunga boneti, akazunguka, akaingia. Nilisimama upande wa mama, dirisha likiwa wazi, kwa hiyo nilisikia yote.

Alirekebisha vioo vitatu. Akamfunga mama mshipi, akauvuta kuhakikisha umeshika. Akakohoa.

"Mwenye mzigo," alisema, akarekebisha kofia, akaanza upya. "Mwenye mzigo, twende?"

Mama alitazama mbele. Alikuwa amelisikia swali hilo tangu ujana wake akiwa amesimama nje, na nadhani hakuwa amewahi kufikiria jibu lake.

"Na mzigo uko wapi?" akauliza.

"Ni mimi."

Mama aligeuka akamwangalia, yale macho yenye presha, lile koti la Jumapili alilolivaa siku ya Jumamosi kwenda kurudisha gari. Akamwondolea kitu kwenye kola, sijui kilikuwa nini, labda hakikuwa kitu.

"Basi twende," alisema. "Polepole. Huu mzigo umezeeka."

Waliondoka. Niliingia kwenye gari langu nikawafuata, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nisiwafuate. Baba alikwenda kwa mwendo wa lori, akipiga honi kwenye kila kona, nguvu zote zile zikiwa zimebaki bila kuguswa. Kupitia kioo cha nyuma cha gari lao niliona vichwa viwili, kimoja chenye kofia na kingine chenye leso, kikiwa kimekaa wima, hakiyumbi. Tulipofika kwenye mlima wa kwanza nilikaribia sana, nikaanza kukosa subira kama kawaida yangu. Hapo mkono wa mama ukatoka dirishani, mkono wenye udongo, ukanipungia nipite.

Sikupita.